Kiapo, sahihisho RITA au hati ya kubadili jina: jina likikosewa, uchague kipi?

Juzi mama mmoja alinikuta ndiyo kwanza nafungua steshenari, mashine ya kopi haijapata hata moto. Nikamwamkia, nikampa kiti. Akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba, na ndani yake cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, cheti chake cha kidato cha nne, na kopi ya kitambulisho cha mama mwenyewe. "Marahaba mwanangu. Nataka kiapo. Wamesema kwako ndiko kunakopatikana."

Nikavipanga mezani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani Athumani. Cha kidato cha nne kinasema Ramadhan Othman. Kijana anaomba mkopo wa chuo, cheti chake kinapaswa kuhakikiwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na ameshaambiwa majina hayafanani.

Mimi nachapa tu, muhuri anagonga wakili wa jengo la jirani. Lakini hilo neno "nataka kiapo" nalisikia karibu kila siku, na mara nyingi anayelisema hahitaji kiapo. Amelizoea kwa sababu kiapo hupatikana siku hiyohiyo. Njia ziko tatu: kiapo cha majina, sahihisho kwenye daftari la vizazi, na hati ya kubadili jina. Kila moja ina kazi yake, na ukilipia isiyo yako utarudi miaka miwili baadaye na shida ileile. Yamenikuta mimi mwenyewe, nitaeleza. Ninayoyaandika ni ya Tanzania Bara, ninakofanya kazi.

Kwanza jua karatasi ipi imejitenga

Kabla ya kumwona wakili au kwenda wilayani, tandika karatasi zote za familia kwa kufuata miaka yake: kadi ya kliniki, tangazo la kizazi lililotoka hospitali, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo kama kipo, vyeti vya shule, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa ya wazazi, vyeti vya ndugu wa tumbo moja. Chukua daftari, nakili kila jina herufi kwa herufi. Usisome kwa mazoea. Jicho la mzazi husoma jina analolijua, halisomi lililoandikwa. Nimemsikia mama akitamka "Rehema" kwa sauti kubwa huku kidole chake kiko juu ya "Lehema".

Athumani, Othman, Uthman. Hadija na Khadija. Ali na Ally. Shabani na Shaaban. Kinywani ni jina moja, na hakuna mtaa utakaokubishia. Kwenye kompyuta ni watu wawili. Makosa mengi huanzia pale mzazi anapotaja jina naye mwandishi anaandika alivyolisikia. Vyeti vya watoto walio chini ya miaka mitano, ule mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoani, hujazwa kwa mkono kwenye ofisi za kata na vituo vya afya. Ni mpango mzuri sana, umewapa vyeti watoto ambao wasingevipata, lakini kalamu ni kalamu. Kisome cheti ukiwa bado umesimama mbele ya aliyekiandika. Na usikimbilie kukipiga laminesheni. Nimeshaombwa mara nyingi nibandue plastiki kwenye cheti kilichotakiwa kurudishwa ofisini, na karatasi hutoka na wino wake.

Ukishanakili, angalia nani hakubaliani na wenzake. Kama tangazo, shule, kitambulisho cha baba na vyeti vya wadogo vyote vinasema Othman, ila cheti cha kuzaliwa peke yake kinasema Athumani, basi mgonjwa ni cheti cha kuzaliwa. Kama cheti cha kuzaliwa kinakubaliana na wazazi na ndugu, ila shule ndiyo iliyoandika vingine, hapo RITA hawana cha kusahihisha. Daftari lao liko sawa. Hii ndiyo njia panda yenyewe, na watu wengi wanaipita bila kuiona.

Kiapo na sahihisho, uso kwa uso

Kiapo ni maelezo. Unaapa mbele ya kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili, kwa utaratibu wa Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, Sura ya 34, kwamba jina hili na lile ni ya mtu mmoja, na sababu ya tofauti ni hii. Karatasi inachapwa, unasaini, muhuri unagongwa, unaondoka. Bei mnapatana na wakili.

Sahihisho ni kazi ya msajili. Unaomba daftari lenyewe lirekebishwe, chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Mlango wake ni RITA, au wilayani kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya ambako usajili hufanyika. Kuna kosa la kalamu, herufi imeruka au imegeuka, na kuna kosa la taarifa, yaani kilichoandikwa si kweli tangu mwanzo. La pili linataka ushahidi mzito zaidi, pamoja na tamko la watu wanaoujua ukweli. Na ingizo la zamani halifutwi. Marekebisho huandikwa pembeni, la zamani likabaki linasomeka. Wapo wanaosikitika kusikia hivyo, wangependa kosa lipotee kabisa. Mimi naona ni kinga: miaka thelathini baadaye mtu akiuliza kwa nini kopi ya zamani inasema Athumani, jibu liko kwenye daftari la serikali, halitegemei kumbukumbu ya mtu.

Kwa haraka, kiapo kinashinda bila ubishi. Nusu saa dhidi ya wiki, pengine zaidi, na nauli za kwenda na kurudi. Kwa nguvu hakifui dafu. Kiapo hakigusi daftari. Leo afisa wa benki amekipokea, kesho afisa wa ofisi nyingine anakuambia lete nyaraka zenye majina yanayofanana, na wote wawili wako ndani ya kazi yao. Cheti kikishasahihishwa, huna cha kumweleza mtu.

Sasa la kwangu. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa, jina la mama liliandikwa Hadija. Kitambulisho chake kinasema Khadija. Nilipoomba pasipoti niliapa. Nilipotaka kumwingiza mama kwenye bima ya afya kama mtegemezi wangu, nikaapa tena, kwa wakili mwingine, kwa sababu kile cha kwanza nilikuwa nimekiacha kwenye faili. Baba alipofariki na tukafuatilia mafao yake, nikaapa mara ya tatu. Pale dirishani afisa akaomba nakala zote nilizonazo, nikampa kwa kujiamini. Akavilaza viapo vitatu mezani, akachukua kalamu nyekundu. Cha kwanza kilisema Hadija Saidi ndiye Khadija Said. Cha pili kilisema Hadija Said ndiye Khadija Saidi. Cha tatu kiliongeza jina la babu ambalo halimo kwenye kile kingine chochote. Akaniuliza kwa upole, "Sasa dada, hapa mama ni yupi?" Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu, na ushungi wake wa eda.

Sikuwa nimedanganya popote. Kila kiapo kilichapwa upya kwa kichwa cha mchapaji wake. Ilinichukua safari tatu kusahihisha cheti, na tangu siku ile sijaapa tena.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama mwenye cheti yuko hai, kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, na bado ana shule, kazi, ndoa na pasipoti mbele yake, nenda kasahihishe. Anza hapo, kisha NIDA wanaotoa kitambulisho cha taifa, kisha pasipoti na benki, kwa sababu hizo nyingine zinakitazama cheti. Ukianza na kitambulisho cheti kikiwa bado kibovu, utaulizwa ushahidi, na ushahidi wenyewe ndio huo mbovu.

Kiapo kina mahali pake pa halali. Kinafaa kukushikilia wakati sahihisho linaendelea na muda wa dirisha la maombi unakwisha. Kinafaa pia pale ambapo karatasi haiwezi kubadilishwa tena. Ukikitumia, kitengeneze vizuri. Majina yote yanakiliwa herufi kwa herufi kutoka kwenye nyaraka, na namba za nyaraka hizo zitajwe. Sehemu ya mwisho lazima ionyeshe mahali na tarehe ulipoapa; Sheria ya Wathibitishaji wa Hati na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inataka hivyo, na viapo vingi mahakamani vimeangukia hapo. Na uape mwenyewe. Kusaini nyumbani kisha kumtuma mtoto apeleke kwa wakili kugongwa muhuri si kuapa. Halafu bakiza nakala moja, na kiapo kijacho, kama kitakuwepo, kinakiliwe kutoka kwenye hicho.

Hati ya kubadili jina: soma inasema nini kabla hujasaini

Hii ndiyo mawakili wanayoiita didi poli (deed poll). Inaandaliwa na wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka chini ya wizara inayohusika na ardhi. Watu wanaiona kubwa kuliko kiapo, na kweli ni kubwa, ndiyo maana wanadhani inafaa kwa kila kosa.

Isome maneno yake. Inasema kwamba mimi, niliyekuwa nikiitwa jina fulani, nimeliacha na kulikana jina hilo kabisa, na kuanzia leo nitatumia jina jingine. Yaani unakiri kwamba lile la kwanza lilikuwa jina lako. Mtu aliyeandikwa Lehema kwa bahati mbaya hajawahi kuitwa Lehema. Akisaini hati hii anakubali kosa la mwandishi kuwa ni historia yake. Yeye njia yake ni sahihisho.

Hati hii inamfaa aliyebadilika kweli. Amesilimu au amebatizwa na anataka jina jipya litambulike. Amelelewa na mjomba, akasoma kwa jina la ukoo wa mjomba mpaka chuo. Na inamfaa yule wa njia panda niliyoitaja, ambaye cheti cha kuzaliwa kiko sawa lakini shule yote amesoma kwa jina jingine. Vyeti vya mtihani vilivyokwisha kutolewa vinabaki na jina lilelile vilivyotolewa nalo. Huyu anachoweza ni kuliacha kisheria jina la kuzaliwa na kulichukua la vyeti. Ni uamuzi mzito, kwa sababu hati hiyo ataibeba pamoja na cheti cha kuzaliwa maisha yake yote. Kama tofauti ni herufi moja au mbili tu, Ali na Ally, mimi ningejaribu kiapo kizuri kwanza.

Wazazi wenye watoto darasani, hapa ndipo pa kuokoa pesa. Kabla ya mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne, majina ya watahiniwa hupitiwa shuleni. Nenda na cheti cha kuzaliwa, mwombe mwalimu akuonyeshe jina la mwanao lilivyoingizwa. Dakika kumi za siku hiyo ni nafuu kuliko chochote nilichokieleza juu.

Tarehe ya kuzaliwa

Hati ya kubadili jina haibadili tarehe. Nimewaona watu wakiilipia kwa sababu hiyo, na inauma. Kiapo nacho huku ni dhaifu zaidi kuliko kwenye jina: watu wanaelewa kwamba Hadija na Khadija ni mmoja, lakini hakuna aliyezaliwa siku mbili.

Chukua namba yako ya NIDA uitazame. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako. Aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1994 huanza na 19940805. Kama yako inaanza na 19940508, siku na mwezi viligeuzwa mahali fulani, na kosa limeingia kwenye namba inayobeba laini yako ya simu, benki na ajira. Wahi mapema, na tangazo la hospitali au kadi ya kliniki mkononi. Kadiri mtu anavyosogelea miaka 55 ya kustaafu kwa hiari au 60 ya lazima, ndivyo ombi la kurekebisha umri linavyotazamwa kwa jicho kali, hata la mtu mkweli.

Jina la baba

Herufi ya jina la baba ikikosewa, ni sahihisho kama nilivyoeleza. Kumbadili baba ni jambo jingine. Kuondoa mwanamume mmoja na kuweka mwingine si kosa la kalamu, na kuapa kwa wakili kwamba "baba halisi ni fulani" hakumfanyi kuwa baba. Panapokuwa na ubishi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama kazi ya kuamua, na kipimo cha vinasaba hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Nawaomba ndugu wenye jambo hili waende kwanza kwa msaidizi wa kisheria wa kata yao. Wanatambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wanasaidia bure. Na mtoto asiachwe dirishani akisikiliza.

Marehemu

Huku kiapo ndicho mfalme. Marehemu hawezi kubadili jina, na nyumba aliiandikisha kwa jina moja, akaunti kwa jingine, cheti cha kifo kikatoka na la tatu. Msimamizi wa mirathi huapa kwamba wote hao ni yeye mmoja, na mahakama ya mwanzo ina mazoea na viapo vya namna hii. Ila kama cheti cha kifo ndicho kilichojitenga, kisahihishwe kabla mirathi haijafunguliwa. Hilo kosa hutokea siku ya msiba, anapotumwa kijana kupeleka taarifa huku wakubwa wako makaburini. Mtumeni akiwa na kitambulisho cha marehemu, asitaje kwa kichwa.

Usiandikishe upya

Karibu na ofisi hukosi kishoka, dalali wa magendo. Atakuambia sahihisho ni usumbufu, yeye anakupatia cheti kipya chenye jina unalolitaka, leo jioni. Ama ni karatasi isiyo na ingizo lolote kwenye daftari, ama ni usajili wa pili wa mtu yuleyule. Siku ya uhakiki namba ya ingizo haionekani, au anaonekana kijana mwenye vizazi viwili, na hapo umetoka kwenye kosa la herufi ukaingia kwenye kosa la jinai. Malipo halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo. Anayetaka umtumie kwenye simu yake, mwache.

Walioko Zanzibar wana wakala wao, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Cheti cha Unguja au Pemba husahihishwa huko, RITA hawakihusu. Na ndugu mlioko Oman, Uingereza au Marekani, wekeni sahihisho mbele zaidi kuliko sisi wa nyumbani. Afisa uhamiaji wa kule hajui kwamba Athumani na Othman wameitwa na muadhini mmoja.

Nirudi kwa yule mama. Nilimwomba ampigie mumewe simu atusomee kitambulisho chake. Mzee akasoma polepole, kwa sauti ya spika, wateja wawili wakisubiri: Othman. Na mdogo wa Ramadhani? Mama akakumbuka ana picha ya cheti chake kwenye simu. Othman. Tangazo la hospitali lipo kwenye sanduku la bati nyumbani, na kwa jinsi alivyolieleza, nadhani litasema hivyohivyo. Kwa hiyo ni cheti cha kuzaliwa kilichojitenga, na kijana ana miaka kumi na tisa tu.

Kiapo tulikichapa kimoja, kimshikilie kijana mpaka sahihisho litoke, na nikaandika nyuma ya bahasha vitu vya kwenda navyo wilayani Jumatatu: cheti, tangazo, kitambulisho cha baba, cheti cha mdogo wake, cheti cha kidato cha nne, kiapo. Akaikunja bahasha, akaifungua tena. "Hebu nitajie tena hizo herufi, mwanangu, nisije nikakubali tena lisilo letu." Nikamtajia. O, t, h, m, a, n. Akarudia moja moja, kidole kikizifuata.